Marsiana na Kitabu cha Nne

Daftari hili nimeletewa na Mwalimu Gaudensi, sikuliomba. Amekuja wakati napepeta ulezi, tena upepo ukiwa mzuri, akasimama mbele yangu kama mtu anayedai shuka lake. "Mama, andika habari za vile vitabu. Wapo watu wanataka kuzisoma." Watu gani hao? Hawana mikono waandike wenyewe? Kila anayepita hapa anataka habari ya Marsiana na tanuri. Anacheka, anakunywa kimpumu changu, pombe ya ulezi, mpaka mrija unalia, halafu anakwenda zake, na hakuna aliyewahi kuniletea hata ukurasa mmoja. Basi naandika mara hii moja, asije mtu tena. Na huyo Marsiana, ingawa ni mimi mwenyewe, nitamwita Marsiana. Mtu akijitaja kila mstari ataonekana anajisifu, nami sina haja ya kujisifu. Waliokuwepo wanajua.

Marsiana aliingia Kasense mwaka ule wa Operesheni Vijiji, watu walipoambiwa watoke kwenye vilima vyao wakae pamoja. Alikuwa mjane, umri wake karibu na miaka sitini. Alikuja na kuku, jembe na blanketi mbili. Kinu kilibaki, hakikuwa na mtu wa kukibeba. Mbwa alikuja, akanusanusa siku tatu, akarudi alikotoka.

Darasa la watu wazima lilipoanza alikataa kwenda. Alisema herufi ni za watu wenye kusahau, na yeye hajasahau kitu tangu abatizwe. Lakini wifi yake Emerensiana, dada wa marehemu mume wake, alikwenda. Baada ya miezi miwili Emerensiana akawa anasimama mbele ya nyumba ya Marsiana na kusoma kwa sauti maandishi ya mfuko wa mbolea, kilo hamsini, weka mahali pakavu, huku anamtazama kwa pembe ya jicho. Hilo lilimshinda. Jumatatu iliyofuata Marsiana alikuwa amekaa benchi la mbele, na kabla ya mavuno ya pili alikuwa amempita Emerensiana kwa kitabu kizima.

Tatizo likawa hakuna cha kusoma. Kitabu cha darasa kilifundisha kupanda mahindi kwa mstari. "Mwalimu," alimwambia Gaudensi, ambaye wakati huo alikuwa kijana aliyemaliza la saba tu, ndevu bado, "mimi nimepanda mahindi kabla mama yako hajaolewa. Nipe kitabu chenye jambo nisilolijua."

Ndipo lilipofika sanduku la maktaba ya kijiji. Vijitabu vya mbolea, vya choo bora, vya lishe. Na chini kabisa, vitabu vitatu vyembamba vya karatasi ya kukwaruza, vimeandikwa *Wahamiaji wa Nyota*, cha kwanza, cha pili, cha tatu. Marsiana alitazama picha ya jalada akashika kifua. Kitu kirefu, kipana chini, chembamba juu, moto miguuni, moshi unatoka.

"Kumbe na hawa wanayeyusha chuma!" akasema.

Mtu asiye wa Ufipa hataelewa, basi nimweleze. Zamani vilimani kwetu palikuwa na malungu. Ilungu ni tanuri la udongo wa kichuguu, refu kuliko watu wawili, la kuyeyushia mawe ya chuma. Baba yake Marsiana, ambaye mapadri walimbatiza Leonsi uzeeni, alikuwa fundi wa kazi hiyo. Wakati wa kuyeyusha, mafundi walihama nyumbani na kulala kambini, na mwanamke aliyekwisha kuvunja ungo hakusogea karibu, chuma kingeharibika. Marsiana alikuwa bado kitoto, ndiye aliyetumwa kupeleka ugali. Aliona kila kitu, na yeye, nimesema, hasahau.

Kwa hiyo alichukua kitabu cha kwanza akijua ni habari za wafua chuma. Akakisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, wiki tatu, akistaajabu kwa nini watu wanaingia ndani ya ilungu na vitanda vyao. Alipofika ukurasa wa arobaini, ilungu likang'oka ardhini likapanda mbinguni. Alifunga kitabu, akavaa kanga ya kutokea, akaenda kwa mwalimu.

"Gaudensi, hapa wamekosea kuchapa."

Gaudensi alisoma, akabana midomo. "Hawajakosea, mama. Hii ni roketi. Inaruka."

"Na moto chini?"

"Moto ndio unaoisukuma."

"Na watu ndani?"

"Wamo."

"Hawaungui?"

"Hawaungui. Ni hadithi, mama, mtunzi amefikiri mambo ya miaka mia mbili ijayo."

Marsiana alikigeuza kitabu akalitazama jalada tena. Mtu mwingine angekirudisha. Yeye alisema, "Ungeniambia mapema. Sasa itabidi nianze upya," akaanza upya.

Na akakipenda. Watu wa kitabu hicho, ardhi yao imeishiwa maji, wanaambiwa wahame wote kwenda nyota nyingine, kila nyumba mzigo mmoja. Marsiana alisema mtunzi huyu, hata kama anakaa Dar es Salaam na kula wali kila siku, amewahi kuhamishwa. Asiyewahi kuhamishwa angeandika vilio na kupunga mikono. Huyu ameandika mwanamke anayefagia nyumba ambayo hatarudi kuilala. Na shangazi, kikongwe mmoja hodari, amenyimwa nafasi ya mzigo wa mbegu, basi anazisuka ndani ya nywele zake, punje moja moja. Marsiana aliposoma hapo alijipiga paja. "Huyo namjua," alisema.

Kitabu cha pili ndicho kizuri kuliko vyote, na anayebisha aje abishie hapa mlangoni. Nyota mpya ina majua mawili, kila mtu ana vivuli viwili, na watoto wanagombana kivuli kipi ni cha kweli. Kuna wanyama wanaomeza maneno ya watu na kuyatapika baada ya wiki, mbele ya wasiotakiwa kuyasikia. Na kuna Ndelwa, binti mwenyewe wa hadithi. Nahodha wa roketi anamposa, naye anamjibu, "Subiri nimalize kulima."

Emerensiana alimpenda nahodha. Walikuwa wanatengeneza matuta siku hiyo, wanafukia majani kama tunavyofanya mvua zikikaribia kwisha, na walibishana kuanzia tuta la kwanza.

"Wifi, yule mwanamume ana huruma," alisema Emerensiana.

"Ana vifungo vya kung'aa. Huruma umemwekea wewe."

"Alimpa Ndelwa maji yake."

"Maji ya roketi! Alikuwa na pipa zima nyuma. Soma vizuri, ukurasa wa ishirini na sita."

"Wewe na kurasa zako! Kaka yangu alikuvumilia vipi?"

"Kaka yako hakuwa na vifungo."

Kitabu cha tatu kilimuudhi. Aliona mtunzi amekiandika haraka, kama mtu anayesubiriwa na gari. Kwanza, mbegu za shangazi zimesahauliwa. Watu wanakula mihogo sura nzima, na mihogo hiyo haisemwi imetoka wapi. Pili, nahodha ameongezewa maneno ya hekima asiyoyastahili. Lakini kubwa ni mwisho. Maadui wanamkamata Ndelwa, wanamtia ndani ya tanuri refu la udongo la kuyeyushia chuma, ilungu kabisa, wanaziba mlango. Halafu hawawezi kuwasha moto kwa sababu mivukuto, vile viriba vya ngozi vya kupulizia, imeibwa. Wanaondoka kwenda kuitafuta. Kitabu kinaishia hapo. Ndelwa yumo ndani.

"Mivukuto!" Marsiana alisema peke yake, kuku wakakimbia. "Ilungu na mivukuto wapi na wapi?"

Tangu siku hiyo hakutulia. Alikitaka kitabu cha nne. Alikuwa anasuka mkeka, anamfikiria yule binti amekaa gizani, magoti kidevuni, na mtunzi mzima hajui namna ya kumtoa.

Sasa Mwenyekiti wa kijiji, Polikarp, alikuwa mtu wa kazi na hakuwa mbaya. Rafu ya maktaba ilikuwa moja, vijitabu vya mbolea vimelala sakafuni mchwa wanavila, na yeye akaona roketi zinakalia mahali pa mbolea. Habari zikaja kwamba Afisa wa Elimu ya Watu Wazima atatoka mjini kukagua. Gaudensi alimfuata Marsiana shambani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema, umekuja na uso wa msiba."

"Afisa atauliza darasa kama vile vitabu vya nyota vina faida. Akiandika vina faida, vinabaki, na cha nne kikichapwa tunaletewa. Akiandika havina, vinarudi mjini vyote vitatu, na cha nne hatutakiona. Mama, wewe ndiye utakayeulizwa. Sema tu vyote ni vizuri."

"Na cha tatu?"

"Kizuri."

"Si kizuri."

"Mama, neno moja tu! Unalisema, tunakunywa chai, basi."

Marsiana alilima na neno hilo mdomoni siku nzima. Alilijaribu kwa jembe, alilijaribu kwa kuku. Kizuri. Kila akilisema alimwona baba yake, mikono imeungua mpaka viwikoni, akimwangalia.

Afisa alikuja kwa pikipiki, Bwana Zubery, kijana wa familia ya wenye maduka mjini, viatu safi, mpole. Watu walikaa kwenye nyasi mbele ya ghala. Polikarp alieleza habari za rafu na mchwa. Afisa akafungua kitabu chake cha taarifa.

"Nani amesoma vitabu hivi vyote vitatu?"

Kidole kilikuwa kimoja.

"Haya mama, tuambie. Vikoje?"

"Cha kwanza kizuri. Cha pili kizuri sana, Ndugu Afisa, ukitoka hapa ukisome." Gaudensi alianza kutabasamu. "Cha tatu kibaya."

Watu wakaguna. Polikarp akapiga makofi mara moja. "Mnasikia? Mwenyewe anavikataa! Virudi."

"Sijavikataa," alisema Marsiana. "Mwenyekiti, wewe una mtoto mmoja mlevi, umewakataa wote?"

Kicheko kilikuwa kikubwa, hata Polikarp mwenyewe aliinamisha kofia. Afisa alingoja watulie. "Kibaya kwa nini, mama?"

"Mtunzi anasema ilungu linapulizwa kwa mivukuto. Ni uongo. Na kwa uongo huo amemweka binti wa watu mahali ambapo hawezi kumtoa."

"Labda ni hadithi tu. Huko nyotani..."

"Huko nyotani waliruka na roketi, nimekubali. Majua mawili, nimekubali. Wanyama wanatapika maneno, nimekubali, maana yale aliyafikiri mwenyewe. Lakini tanuri hili ametuchukulia sisi, na amelichukua bila kuuliza. Twende nikuonyeshe."

Nyuma ya kijiji, mwendo wa kukoka moto na maji yakachemka, lilikuwapo ilungu moja la zamani, limesimama lenyewe, kifuani lina ufa, mlango wazi. Walikwenda wote. Afisa alivua viatu vyake kwa ajili ya umande akavishika mkononi, jambo ambalo Marsiana alimhesabia.

Marsiana aliamuru waziache wazi tundu ndogo za chini zinazolizunguka tanuri, akamwambia Polikarp aingize majani makavu ndani na kuwasha. Polikarp akawasha. Ulikuwa mwezi wa sita, ule upepo wetu wa kukata masikio. Uliingia kwa tundu za chini bila kuitwa, tanuri likaanza kunguruma kwa sauti nzito ambayo Marsiana hakuisikia tangu utotoni, na moshi ukatoka juu umenyooka.

"Nani anapuliza?" aliuliza Marsiana. "Mivukuto ni ya tanuri dogo la pili, la kusafishia. Hili linavuta lenyewe. Basi wale maadui hawahitaji kutafuta kitu. Wakirudi tu, binti amekwisha. Tena anaweza kutoka, ila mtunzi hajui."

Majani yalipokwisha na udongo kupoa, alikunja kanga yake akaelekea mlangoni. Hapo ndipo Emerensiana alipomshika mkono, na safari hii hakuwa anatania.

"Wifi, usiingie. Wewe mwanamke, umezaa. Unajua ilungu halitaki."

Wazee wawili nao walisogea. Mmoja alisema Leonsi angelia. Marsiana alisimama. Jambo hilo lilikuwa zito kwake kuliko walivyodhani, kwa sababu tangu avunje ungo alikuwa hajaligusa ilungu hata kwa ncha ya kidole, na alipopita karibu alizunguka mbali. Alitazama ile tundu nyeusi. Akasema:

"Moto wa hapa ulizimika kabla Gaudensi hajazaliwa, hakuna chuma cha kuharibika. Na Ndelwa naye ni mwanamke, na yumo ndani tayari. Atatolewa na nani?"

Akaingia kwa magoti. "Mwenyekiti, ziba."

"Dada, mimi?"

"Wewe ndiye unayetaka virudi. Ziba kwa mawe na udongo mbichi, kama mafundi."

Polikarp alipiga tope mpaka mikono ya shati ikajaa. Alikuwa mtu wa kazi, nimesema, alikandika vizuri sana. Emerensiana alikaa chini akisema peke yake, "Atakwama, tutamzika na tanuri lake." Ndani Marsiana alisikia harufu ya jivu la zamani, na juu akaona duara dogo la mbingu. Hakuogopa. Alimfikiria yule binti akaona mtunzi hakukosea kila kitu. Lile duara alikuwa ameliandika sawasawa, ukurasa wa mwisho.

Halafu alilala chali, akaweka nyayo mbili chini kabisa ya mlango, akasukuma. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, jiwe la chini lilicheza. Mara ya tatu mlango wote ulimwagika juu ya miguu ya Mwenyekiti, na Marsiana akatoka kwa miguu kama ndama, mweusi uso mzima.

"Udongo haukauki siku moja," alisema, akipangusa macho. "Si ajabu wala uchawi. Ni kujua tu."

Afisa alikuwa ameshika viatu bado. Alicheka mpaka akakaa, halafu akaacha kucheka akaandika. Aliandika muda mrefu. Mwisho akasema, "Ndugu Mwenyekiti, kwenye vijiji vingi wananiambia vitabu ni vizuri, nikiuliza vina nini ndani, kimya. Hivi vibaki. Rafu nyingine nitaiombea mbao." Akamgeukia Marsiana. "Na wewe mama, haya yote umwandikie mtunzi kwa mkono wako. Nitaipeleka barua mwenyewe."

Iliandikwa siku tisa. Gaudensi aliruhusiwa kunoa kalamu, basi. Nakala ninayo, ilisema hivi:

*Kwa Mtunzi. Mimi ni Marsiana wa Kasense. Ilungu halipulizwi. Upepo unaingia wenyewe. Mlango unafungwa kwa mawe na udongo, na udongo haukauki siku moja. Ndelwa alale chali, asukume kwa miguu miwili, chini, si katikati. Afanye upesi. Shangazi alikuwa na mbegu kwenye nywele, uzitafute. Nahodha mwache huko huko. Kitabu cha pili ni kizuri. Nasubiri cha nne.*

Baada ya miezi saba ilikuja bahasha, ndani karatasi yenye mistari mitatu. *Mama, asante. Mbegu nimeziona. Mengine utasoma.*

Sasa ndipo yanapokuja ya kuudhi. Kitabu cha nne kilichapwa, hilo ni hakika. Mwaka wa sabini na nane furushi lilifika mkoani, na nakala ya Kasense ikashushwa Chala kwa makosa. Gaudensi alikwenda na baiskeli mpaka Chala. Alikuta karatasi ya kufungia tu, imeandikwa Kasense kwa wino mwekundu. Bwana mmoja wa pale alikuwa amekisoma, akamwazima mfanyabiashara mmoja, mama aliyeitwa Kulsumu, naye akapanda lori kwenda Kasesya, mpakani. Baada ya hapo hakuna anayejua. Vita vikaja, karatasi zikaadimika, na hakikuchapwa tena.

Yule bwana wa Chala alitaka kumweleza Gaudensi mwisho wa kitabu. Gaudensi alipanda baiskeli kabla mtu huyo hajafungua mdomo, maana alijua akirudi na mwisho kichwani, Marsiana atauona usoni mwake na hatamsamehe. Kwa hilo peke yake nimekubali kuandika daftari hili.

Basi imetosha. Nimewapa mlichotaka, sasa zamu yenu. Wewe unayesoma, kitabu hicho kina jalada la bluu, namba nne pembeni. Sitaki kusimuliwa. Ukija hapa ukaanza kusema "Ndelwa ali..." nitakufukuza na mwiko. Nakitaka chenyewe mkononi, hata kama panya wamekula jalada, hata kama umefungia chumvi kurasa za mwanzo, mradi mwisho upo. Kilete Kasense, nyumba ya chini ya ghala, siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi. Macho yangu bado yanaona na mrija wa kimpumu upo. Usiseme utatafuta kesho. Inuka sasa hivi, anza na sanduku lililo chini ya kitanda chako.